Mwalimu wa Timu Apimwe kwa Mizani Gani?

Po pote wanapokutana wapenda michezo, iwe bwaloni kwa askari, kituoni baada ya zamu au barazani jioni, hukumu ya mwalimu wa timu hutolewa upesi kuliko hukumu nyingine yo yote. Timu ikishinda, mwalimu ni hodari. Timu ikishindwa, mwalimu hafai na aondoke. Kesi hiyo haihitaji shahidi wala utetezi. Watu hutazama orodha ya ushindi na kushindwa, huhesabu kwa vidole, na shauri likaisha.

Juma hili tumeonelea tuitazame hukumu hiyo kwa utulivu. Na ili tusiwaudhi wenye timu zao hapa nyumbani, tutachukua mifano yetu mbali, katika vyuo vikuu vya Marekani. Huko vijana walio masomoni hucheza futiboli ya Kimarekani mbele ya watazamaji ambao huweza kuzidi 100,000 katika uwanja mmoja, na mwalimu wa timu huweza kulipwa mara nyingi zaidi ya gavana wa jimbo lake. Palipo na fedha nyingi namna hiyo, hukumu nayo huwa kali.

Futiboli hiyo si kandanda tuijuayo. Mpira wake una umbo la yai, hubebwa na kurushwa kwa mikono, na ni mara chache tu hupigwa kwa mguu. Kila upande huwa na watu 11 uwanjani, wamevaa kofia ngumu na makinga ya mabega, na kazi yao ni kuteka ardhi ya upande wa pili hatua kwa hatua, mfano wa vikosi viwili vinavyogombea uwanda mmoja. Kwa kawaida timu ya chuo hucheza michezo 12 tu kabla ya ile ya kufungia msimu. Kwa kuwa michezo ni michache hivyo, kila kushindwa huacha kovu katika sifa za mwalimu.

Hesabu ya ushindi

Mizani ya kwanza ni ushindi. Hatuidharau, maana aingiaye uwanjani bila nia ya kushinda huwapotezea wenzake wakati. Lakini hesabu hiyo ikisomwa peke yake yaweza kumpotosha msomaji.

Tutazame Chuo Kikuu cha Nebraska. Mwaka 1998 Frank Solich alikabidhiwa timu ya chuo hicho baada ya Tom Osborne, aliyestaafu akiwa na ushindi mara 255 na ubingwa wa taifa mara tatu. Katika misimu sita Solich alishinda michezo 58 na kushindwa 19, na msimu wa 2001 timu yake ilifika hadi mchezo wa kugombea ubingwa wa taifa. Hata hivyo mwezi wa Novemba 2003, timu ikiwa imeshinda mara 9 na kushindwa mara 3, aliachishwa kazi. Wakubwa walitaka zaidi. Mwaka uliofuata, chini ya mwalimu mpya, timu ilishinda mara 5 na kushindwa mara 6, na huo ndio ulikuwa msimu wake wa kwanza wa kushindwa kuliko kushinda tangu mwaka 1961. Na tangu 2017 hadi 2023 haikupata hata msimu mmoja ambao ushindi ulizidi kushindwa. Waliomwondoa Solich walikuwa na hesabu mkononi. Walichokosa ni kuisoma.

Tena hesabu ya ushindi haisemi aliyeshindwa alikuwa nani. Vyuo vikubwa vina desturi ya kuvilipa vyuo vidogo vije kucheza ugenini, kila mtu akitarajia kwamba mgeni atapigwa, atachukua fedha zake na kurudi kwao. Ushindi wa namna hiyo huandikwa kitabuni sawa na ushindi uliopatikana kwa jasho na damu. Lakini mgeni naye ana mikono. Tarehe 1 Septemba 2007 chuo cha Appalachian State, kilichokuwa kikicheza daraja la chini, kililipwa dola 400,000 kwenda kucheza na Michigan, mojawapo ya timu zenye jina kubwa kuliko zote. Mgeni alishinda kwa 34 kwa 32.

Vijana wenye nyota

Mizani ya pili ni kuandikisha vijana. Mwalimu wa chuo cha Marekani hutumia sehemu kubwa ya mwaka akisafiri kutoka mji hadi mji, akitazama wachezaji wa shule za sekondari, akiketi sebuleni na wazazi wao, na kuahidi kwamba chuo kitamgharimia kijana masomo, chakula na malazi. Zipo kampuni ambazo kazi yake ni kuwakagua vijana hao na kuwapa nyota. Aliye bora kabisa hupewa nyota tano. Mwisho wa uandikishaji kila chuo huorodheshwa kwa nyota kilizokusanya, na wapo mashabiki wanaoshangilia siku hiyo kama kwamba kombe limekwisha kunyakuliwa.

Mizani hii nayo ina ukweli wake. Nick Saban alitwaa ubingwa wa taifa mara sita akiwa Alabama, kati ya misimu ya 2009 na 2020, na karibu kila mwaka alikuwa miongoni mwa walioandikisha vijana bora kuliko wengine. Ye yote asemaye kwamba vipaji si kitu hajapata kuwania ubingwa wa taifa.

Hata hivyo, wahenga wetu walisema: mchagua jembe si mkulima. Mwaka 2017 chuo cha Texas A&M kilimwajiri Jimbo Fisher, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa taifa wa msimu wa 2013 akiwa Florida State, kwa mkataba wa miaka 10 wa dola milioni 75. Mwaka 2022 Fisher aliandikisha kundi la vijana ambalo wapima vipaji waliliweka juu ya makundi yote ya mwaka huo. Msimu uleule timu yake ilishinda michezo 5 na kushindwa 7, na miongoni mwa walioipiga, tena katika uwanja wake wenyewe, walikuwamo walewale Appalachian State, kwa 17 kwa 14. Mwezi wa Novemba 2023 Fisher aliondolewa, na kwa kuwa mkataba ulikuwa haujaisha, chuo kilipaswa kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asifanye kazi. Majembe yalikuwa mapya na makali, shamba halikulimika.

Alichokabidhiwa na alichorudisha

Basi ikiwa ushindi peke yake hupotosha, na vipaji peke yake havitoshi, tufanyeje? Jibu letu ni hili: mizani hizo mbili zisomwe pamoja. Kwanza tuulize mwalimu alikabidhiwa nini. Kisha tuulize alirudisha nini. Umbali ulioko kati ya majibu hayo mawili ndio kazi yake. Yaliyobaki ni bahati, au ni mali ya waliomtangulia.

Hakuna mfano ulio wazi kuliko ule wa Bill Snyder. Alipofika Kansas State, kuanza msimu wa 1989, timu hiyo ilikuwa imecheza michezo 27 mfululizo bila kushinda hata mmoja. Msimu wake wa kwanza alishinda mara moja na kushindwa mara 10. Mwenye kuhesabu kwa vidole angalisema hafai. Lakini msimu wa pili alishinda mara 5, wa tatu mara 7, na mwaka 1998 timu ilishinda michezo yake 11 ya mwanzo bila kushindwa. Vijana wenye nyota tano hawakuwa wakipanga foleni mlangoni pake. Wengi wa wachezaji wake aliwatoa katika vyuo vidogo vya miaka miwili, ambako wenzake wenye majina hawakuwa na haja ya kutazama. Alipostaafu kwa mara ya pili, mwaka 2018, alikuwa na ushindi mara 215. Wapo walimu wenye ushindi mwingi kuliko huo, lakini ni wachache waliotoka mbali kiasi hicho. Usione vyaelea, vimeundwa.

Mfano kutoka jeshini

Wasomaji wetu walio kazini katika majeshi wataelewa upesi zaidi tukiwapeleka West Point, kwenye chuo cha maofisa wa jeshi la nchi kavu la Marekani. Mwaka 1940 timu ya chuo hicho ilishinda mchezo mmoja tu. Mwaka uliofuata ilikabidhiwa Earl Blaik, aliyehitimu papo hapo mwaka 1920. Kuanzia 1944 hadi 1946 timu yake ilicheza michezo 28. Ilishinda 27 na kutoka sare mmoja.

Je, tumvike taji mara moja? Ngoja kwanza. Hiyo ilikuwa miaka ya vita kuu na mwaka mmoja baada yake. Vyuo vingine vilipoteza wachezaji walioitwa kwenda kupigana, lakini West Point ilipokea vijana hodari, hata wengine waliokuwa wameanza kucheza kwingineko. Felix Blanchard, aliyepewa tuzo ya mchezaji bora wa vyuo mwaka 1945, alikuwa ameanzia North Carolina. Kwa hiyo hesabu ile ya 27 ni ya kweli, lakini si yote ilikuwa kazi ya mwalimu.

Mtihani wake ulikuja baadaye. Mwaka 1951 wanafunzi wapatao 90 wa chuo hicho waliachishwa kwa kuvunja kanuni ya uaminifu katika mitihani. Miongoni mwao walikuwamo wachezaji wengi wa Blaik, na mmoja alikuwa mwanawe wa kumzaa. Blaik alifikiria kujiuzulu, na Jenerali Douglas MacArthur ndiye aliyemshauri abaki. Timu ya mabaki na makuruta ilishinda mwaka huo michezo 2 na kushindwa 7. Kitabuni huo ndio mwaka wake mbaya kuliko yote. Lakini mwaka 1953 timu ileile ilishinda 7, ikashindwa mmoja na kutoka sare mmoja. Na mwaka 1958, msimu wake wa mwisho, haikushindwa kabisa. Sisi twaona kwamba Blaik wa 1953 alifanya kazi kubwa kuliko Blaik wa 1945, ingawa kombe lilikuwa la 1945.

Chuo hicho kimetupa mfano mwingine katika siku zetu. Kijana anayekwenda West Point hujua kwamba akihitimu atatumikia jeshi miaka isiyopungua mitano, hivyo mwenye ndoto ya kucheza kwa kulipwa huelekea kwingine. Jeff Monken alichukua timu hiyo kuanza msimu wa 2014. Katika misimu miwili ya kwanza alishinda michezo 6 na kushindwa 18. Waliompa kazi hawakumfukuza. Alitumia mtindo wa kukimbia na mpira na kuushikilia muda mrefu, mtindo unaomfaa kijana mwepesi mwenye nidhamu kuliko jitu lenye nyota tano. Mwezi wa Desemba 2016 aliipiga timu ya wanamaji kwa 21 kwa 17, baada ya jeshi la nchi kavu kushindwa na wanamaji mara 14 mfululizo. Mwaka 2024 alimaliza na ushindi mara 12 na kushindwa mara 2, na timu ikatwaa ubingwa wa ligi kwa mara ya kwanza tangu ilipoanza mwaka 1890. Kama hukumu ingalitolewa mwisho wa msimu wa pili, hayo yote yasingalionekana.

Yasiyoandikwa ubaoni

Ipo mizani ya tatu, nayo ndiyo inayotuhusu sisi wazazi. Mchezo wa chuo huisha kijana akiwa na miaka 22 au 23. Idadi iliyo kubwa kabisa ya wachezaji hao hawapati kamwe kulipwa kwa kucheza. Basi mwalimu amewaacha na nini?

Eddie Robinson aliongoza timu ya Grambling, chuo cha Wamarekani weusi katika jimbo la Louisiana, tangu 1941 hadi 1997, akashinda mara 408. Zaidi ya wachezaji 200 kutoka mikononi mwake walikwenda kucheza kwa kulipwa. Hapa pia tuulize alikabidhiwa nini. Kwa miaka mingi vyuo vikubwa vya kusini viliwafungia milango vijana weusi, kwa hiyo vipaji vilivyokataliwa huko vilimjia yeye; milango ilipofunguliwa, vipaji hivyo vilianza kwenda kwa matajiri, naye akaendelea na kazi kwa alichobakiwa nacho. Lakini sifa yake kubwa kwa waliopita kwake ni kwamba aliwasimamia wasome na kumaliza. Doug Williams, aliyekuwa mwanafunzi wake, mwaka 1988 aliiongoza timu ya Washington kutwaa ubingwa wa wanaolipwa, Mmarekani mweusi wa kwanza kufanya hivyo katika nafasi ya mrushaji mkuu. Miaka 10 baadaye ndiye aliyemrithi mwalimu wake pale Grambling.

Upande wa pili wa mizani hiyo ni wa kuhuzunisha. Joe Paterno aliongoza timu ya Penn State tangu 1966 hadi 2011 na kupata ushindi mara 409, na kwa miaka mingi alitajwa kuwa kielelezo cha uadilifu. Mwaka 2011 Jerry Sandusky, aliyekuwa msaidizi wake kwa miaka mingi, alishtakiwa kwa kuwanajisi watoto wa kiume, na mwaka 2012 akapatikana na hatia kwa makosa 45. Ilijulikana kwamba mwaka 2001 Paterno aliletewa habari ya tendo mojawapo. Aliwaarifu wakubwa wake wa chuo; polisi hakuwaarifu. Chuo kilimwondoa kazini, na miezi michache baadaye akafariki dunia. Chama kinachosimamia michezo ya vyuo kilimfutia ushindi mara 111, kisha mwaka 2015 kikamrudishia. Hesabu yaweza kufutwa na kurudishwa kwa kalamu. Utoto ulioharibiwa haurudishwi na kalamu yo yote.

Kwa askari polisi wanaotusoma hatuna haja ya kueleza zaidi. Jina kubwa na makombe mengi huweza kuwafanya watu wema waone haya kuuliza swali. Ndiyo maana timu inayoshinda yastahili kukaguliwa sawa na inayoshindwa, pengine zaidi.

Fedha zimeingia

Tangu mwaka 2021 mambo yamebadilika huko Marekani. Wachezaji wa vyuo waliruhusiwa kupokea malipo kwa matumizi ya majina na picha zao, na mwaka huohuo wakaruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje ya uwanja mwaka mzima kama ilivyokuwa desturi. Na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vimeruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja. Hatuoni vibaya kijana anayejaza uwanja akipata sehemu ya mapato. Lakini kwa mwenye kupima walimu, mizani imezidi kuwa ngumu. Timu yaweza kununuliwa katika miezi miwili, ikashinda, na sifa zikaenda kwa mwalimu badala ya mfuko. Lile swali la alichokabidhiwa sasa lina jibu linaloandikwa kwa dola.

Tufanye nini sisi

Mpenzi msomaji, hatukusafiri mbali hivyo kwa ajili ya kuwatazama Wamarekani tu. Kila kikosi kina mwalimu wa timu, kila shule inayo, na vijana wetu wako mikononi mwao kila jioni. Mkuu wa kikosi anayetaka kumpima mwalimu wake na aanze kwa kuandika, siku ya kwanza, hali ya timu aliyomkabidhi: wachezaji wangapi, wenye afya gani, wenye vifaa gani. Mwaka wa pili na wa tatu alinganishe. Asimlinganishe na timu ya jirani mwenye viatu na nyama kila siku, bali na karatasi ile ya siku ya kwanza. Mkufunzi wa makuruta hupimwa hivyo. Hatuoni kwa nini mwalimu wa mpira apimwe vingine.

Na mzazi anapojiwa nyumbani na mwalimu anayemsifu mwanawe na kumtaka katika timu yake, na amkaribishe kwa chai kama ilivyo ada, kisha amwulize maswali manne. Vijana uliowachukua miaka minne iliyopita wako wapi leo? Wangapi kati yao walimaliza masomo? Aliyeumia mguu akashindwa kucheza, mlimfanyia nini? Na mtoto wangu akitendewa ubaya na mtu mzima katika timu yako, atamwambia nani, na mtu huyo atampeleka shauri wapi?

Mwalimu mwema hatakasirika kwa maswali hayo. Atavuta kiti karibu na kuanza kutaja majina, mmoja baada ya mwingine, wa mwaka huu na wa miaka iliyopita, waliofika mbali na walioishia njiani. Anayejibu kwa kutaja makombe peke yake, mpeni chai yake, kisha mtoto abaki nyumbani.